Nyie mnaouza rubidiamu kwenye boksi lisilo na njia ya kutoa joto, mnatuchukuliaje?

Wakuu, leo acha niseme maana nimechoka. Nimenunua stendadi ya masafa ya rubidiamu, yaani kifaa kinachotumia atomi za rubidiamu kutoa masafa yasiyoyumba, kwa muuzaji ambaye simtaji, tangazo linasema iko tayari kwa kazi, 10 MHz safi, wewe chomeka tu. Moduli yenyewe ni used ya mitambo ya simu, hilo sina ugomvi nalo, nyingi tunazochezea zinatoka huko na zinapiga kazi vizuri. Ugomvi wangu ni lile boksi.

Nimefungua mfuniko nikakuta moduli imekalia spesa nne za plastiki, vile vijiguu vya kuinulia! Yaani ile beseplati, bamba la chini la alumini, ambayo ndiyo njia kuu ya joto kutoka, inaning'inia hewani haigusi chuma popote. Halafu ubavuni kamebandikwa kafeni kadogo ka swichi, joto likifika kiwango kanawaka kwa nguvu zote, likishuka kanazima, basi ndo hivyo hivyo kutwa kucha.

Nikabandika sensa kwenye beseplati nikaiacha ijirekodi. Inapanda mpaka 64, feni inawaka, inashuka mpaka 57, feni inazima, inaanza kupanda tena. Masafa nikayalinganisha na rubidiamu yangu nyingine iliyofungwa kwenye bamba nene la alumini, grafu ikatoka kama meno ya msumeno, kila feni ikiwaka masafa yanaifuata dakika chache baadaye. Piga hesabu mwenyewe: moduli ambayo masafa yake yanaruhusiwa kuhama kwa sehemu 3×10⁻¹⁰ kwenye nyuzi joto 100 nzima, ina maana ukiiyumbisha nyuzi 7 unaisogeza kama 2×10⁻¹¹, na kifaa hiki watu wananunua ili wapate utulivu wa 10⁻¹² kwa wastani wa sekunde mia na zaidi. Kafeni kameila yote hiyo faida.

Namwandikia muuzaji ananijibu eti "hii ni saa ya atomu, ina hita zake ndani, joto la nje haliihusu". Jamani! Hita kazi yake ni kuongeza joto tu, haijui kupoza. Taa ya rubidiamu ndani inakaa juu ya nyuzi 100, seli, yaani kichupa chenye mvuke wa rubidiamu, inakaa kwenye 70 na kitu hivi kutegemea moduli, na mzunguko unaoishikilia pale unafanya kazi kwa sababu nje kuna ubaridi kidogo wa kushindana nao. Beseplati ikisogelea joto la seli, hita inajipunguza mpaka inafika sifuri, na ikishafika sifuri haina tena cha kupunguza, seli inaanza kwenda na joto la nje linakokwenda. Na ndani ya seli kuna gesi ya bafa, gesi iliyochanganywa na ule mvuke, inayosogeza masafa ya atomi, ile 6,834,682,610.9 Hz mnayoisoma vitabuni ni ya atomi iliyo peke yake. Watengenezaji wanachanganya gesi mbili zinazovuta masafa pande tofauti, mfano naitrojeni na agoni, ili badiliko la joto lijifute, ila halijifuti lote. Mwanga wa taa nao ukibadilika unasogeza masafa. Sasa joto linakosaje kuihusu hapo?

Na kuna wale wengine wa "weka feni kubwa tu iwe baridi". Hapana bwana. Ubaridi wenyewe sio hoja, hoja ni kutoyumba. Beseplati iliyotulia kwenye 45 ni bora mara mia kuliko inayocheza kati ya 30 na 37, na ukiipiga upepo wa moja kwa moja ndo kila anayefungua mlango anaonekana kwenye grafu. Kinachotakiwa ni bamba zito, grisi ya joto katikati, skrubu zote zikazwe, hitsinki (chuma cha mapezi cha kutawanya joto) nyuma yake, na kama ni feni basi spidi yake ipande na kushuka polepole kwa kufuata thamista, sensa ya joto, iliyo kwenye bamba lenyewe. Na feni ikae mbali kidogo na moduli, mota yake ina sumaku na masafa ya rubidiamu yanasogezwa na uga wa sumaku pia, shildi ya ndani, ile kinga ya sumaku, inapunguza ila haimalizi.

Kinachoniuma zaidi ni kapasita. Zile za elektroliti kila ukiongeza nyuzi 10 umri wake unapungua kama nusu, na hizi moduli zishapiga kazi miaka mingi, leo mtu anakuja kuzichemsha ndani ya boksi ili aokoe kipande cha alumini!

Muuzaji anasema nikitaka kurudisha nilipie usafiri mwenyewe. Nimekataa, nimemtumia grafu na picha za zile spesa, naitaka hela yangu yote. Na nyie mnaotaka kununua za boksi, kabla hujalipa omba picha ya moduli ilivyofungwa kwa chini na rekodi ya joto la beseplati ya masaa 24, akianza kukuzungusha achana naye.