Kamera za nje: mchana nasoma hadi namba ya boda, usiku naona moshi. Nifanyeje?

Kuku wa Kajjansi (mwenye uzi), Jumapili saa 3 usiku

Ndugu zangu, habari za jioni. Nafuga kuku huku Kajjansi, ukitoka barabara ya Entebbe unaingia ndani kidogo kwenye njia ya murami. Mwaka jana niliweka kamera nne za nje, zile za waya zinazoingia kwenye rekoda, megapikseli mbili kila moja. Mchana sina malalamiko. Jua likizama tu, basi.

Alhamisi usiku mtu aliruka ukuta akaondoka na pampu yangu ya maji. Asubuhi nikakaa na askari wangu na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chetu, tukarudisha picha nyuma. Tuliona kitu cheupe kinapita kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, huyu ni mtu au ni shuka limepeperuka?" Nikakosa la kujibu.

Kamera ya 1 iko barazani chini ya paa, usiku picha yote inakuwa ukungu. Ya 2 iko kwenye banda la kuku, kuna nyuzi nyeupe zinacheza mbele. Ya 3 iko getini, ndiyo ya mbali kuliko zote: ikifika saa moja jioni inaleta mistari, inazima, inawaka, inazima tena. Ya 4 iko nyuma ya nyumba, ile ya duara, picha yake ni kama mtu amepumulia kioo.

Fundi aliyezifunga anasema zimechoka, ninunue za megapikseli nane. Ni kweli?

Jirani wa Bombo

Nunua mbwa.

Simu na Redio

Fundi wako yuko sahihi. Megapikseli mbili ni za zamani. Chukua nane, utahesabu hadi kope za mwizi.

Fundi wa Nansana

Mzee, usitoe hata shilingi kwanza. Na wewe Simu na Redio, ndugu yangu, mchana nakubaliana nawe, usiku hapana. Ukigawa kipande kilekile cha kupokea mwanga katika vijicho milioni nane badala ya milioni mbili, kila kijicho kinapata mwanga kidogo zaidi. Gizani unapata chengachenga nyingi zaidi, tena zenye kujaza diski.

Mimi nikiitwa kwa ugonjwa wa usiku, mara nyingi nakuta kamera yenyewe ni nzima. Kinachoumwa ni kitu kilicho nusu mita mbele yake, au waya ulio nyuma yake.

Usiku kamera inajimulikia. Zile taa ndogo za infraredi zinazoizunguka lenzi ni tochi ambayo jicho letu haliioni, na mwanga wa tochi unafifia kwa mraba wa umbali. Chukua uzi wa buibui ulio sentimita 5 mbele ya taa, na mtu aliye mita 15. Umbali umezidi mara 300, kwa hiyo uzi unamulikwa mara 90,000 kuliko uso wa yule mtu. Kamera ikiona weupe huo inadhani pana mwanga wa kutosha, inajibana, na mwizi wako anazama gizani. Hapo hata ukiweka kamera ya bei ya gari ni yaleyale.

Nijibu haya. Ya 1 iko umbali gani na ubao wa paa, na ubao una rangi gani? Ya 4, ile nailoni ya kiwandani juu ya kuba, kile kifuniko cha plastiki cha mviringo, ilitolewa? Ya 3 waya wake ni mita ngapi, na ni waya wa aina gani?

Kuku wa Kajjansi

Fundi, asante. Ya 1 imebanwa kabisa kwenye ubao, na ubao ni mweupe, nilipaka Krismasi. Ya 3 ni kama mita 45, ni ule waya wa kompyuta wenye nyuzi nane ndani, picha na umeme vinapita humo humo. Ya 4... ngoja kesho nipande ngazi.

Dada wa Entebbe

Mzee, hiyo ya banda naijua kama jina langu. Sisi tuko karibu na ziwa. Visubi wa ziwani wakitoka wanafunika ukuta mzima, na buibui wanawafuata kama wateja wanavyofuata rolex ya moto, ile chapati ya mayai. Kamera ina kijoto chake, ina kakofia ka kujikinga na mvua, buibui atake nini tena? Kila mdudu akigusa uzi, kamera inadhani mtu amepita, simu yangu inalia saa nane za usiku. Siku moja ililia mara 60 na zaidi. Mume wangu aliitupa simu chini ya kitanda.

Nilijaribu kupulizia dawa ya wadudu, ikaacha mafuta kwenye kioo, picha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Usifanye hivyo. Kilichosaidia ni kuzima taa za infraredi za kamera yenyewe kwenye menyu, kisha nikafunga taa ya infraredi ya kujitegemea kama mita mbili pembeni. Buibui bado anajenga kwenye kamera, lakini uzi wake haumulikwi, kwa hiyo hauonekani.

Jirani wa Bombo

Mimi nilisema mbwa.

Fundi wa Nansana

Dada kamaliza habari ya banda. Niongeze tu kwamba balbu nyeupe ya kawaida nayo ni dawa nzuri, kamera inarudisha rangi, unajua shati lilikuwa la kijani au jekundu. Lakini usiifunge juu ya kamera. Msimu wa kumbikumbi utajuta. Waliowahi kuona mitego ya senene kule Masaka, zile taa kali na mabati, wanajua mwanga unavyoita mabawa. Balbu ikae mbali na kamera, imulike geti, na isiitazame lenzi.

Ya 1: infraredi inagonga ubao mweupe na kurudi machoni. Ishushe, au ifungie mkono wa chuma itoke mbele ya ubao. Unataka ushahidi kabla ya kutoboa? Usiku funika upande wa juu wa zile taa kwa kidole, usiguse lenzi. Ukungu ukipungua, mkosaji ni ubao.

Sasa ya 3, ambayo ndiyo inayonifurahisha. Mchana taa za infraredi zimelala, kamera inakula umeme kidogo. Zikiwaka, ulaji unapanda mara mbili au zaidi. Unyuzi wa waya wa kompyuta una ukinzani wa karibu omu 9 kwa kila mita 100. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 45 zako ni mita 90, karibu omu 8. Kamera ikivuta nusu ampea, volti 4 zinapotelea njiani. Unatuma 12, inapokea 8. Inajaribu kuwaka, inashindwa, inaanza upya. Na kama waya ni ule wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, ndiyo wa bei rahisi, hasara ni kubwa zaidi.

Pima, lakini usipime mchana ukaridhika. Ziba lenzi na kile kijicho kinachopima mwanga kwa utepe mweusi, usikie "tik" ndani. Ni kichujio cha infraredi kinahama, kamera imeamini ni usiku. Hapo ndipo upime volti, kwenye kamera kabisa, si kwenye adapta.

Kuku wa Kajjansi, Jumatatu saa 11 jioni

Nimeshuka ngazi sasa hivi, vumbi hadi masikioni.

Ya 4 mnicheke tu. Nailoni ilikuwepo. Mwaka mzima! Imekuwa ya njano, na chini yake vumbi jekundu la murami limeganda kama unga wa mhogo.

Ya 3: nikapima volti 10.4. Nikaziba kama ulivyosema, ikafanya tik, mita ikashuka hadi 8.1, kamera ikazimika mbele ya macho yangu. Nimebaki nimeshika mita kama daktari aliyepoteza mgonjwa.

Simu na Redio

Haya, nimenyoosha mikono. Ila mtu akiweka adapta kubwa ya ampea 5 si itasukuma?

Fundi wa Nansana

Hapana. Ampea ni ukubwa wa tangi. Bomba likiwa jembamba, tangi kubwa halisaidii.

Mzee, una nyuzi nane, yaani jozi nne. Jozi moja inabeba picha. Nina hakika fundi wako alitumia jozi moja kwa umeme na mbili akaziacha zimekaa bure. Unganisha hizo tatu zote kwa umeme: tatu chanya pamoja, tatu hasi pamoja, kwenye ncha zote mbili za waya. Ukinzani unashuka hadi theluthi, unapoteza volti 1.3 hivi badala ya 4. Zima umeme kwanza, na usichanganye rangi, ukigeuza chanya na hasi utanunua kamera kweli.

Ya 4 isugue na kitambaa kikavu uone, vumbi letu ni msasa. Natania, usithubutu. Mwagia maji kwanza, kisha sabuni kidogo na kitambaa laini. Ukifungua kuba, angalia ile pete ya sponji inayozunguka lenzi, lazima iguse kuba. Ikiwa na mwanya, infraredi inapita ndani kwa ndani na ukungu unabaki.

Mwanafunzi wa Makerere

Kuna jambo hamjaligusa. Shuka jeupe la Alhamisi linaweza kuwa shata, ule muda ambao kamera inakaa imefumbua jicho kwa kila picha. Gizani kamera nyingi zikiachiwa zijiamulie zinaurefusha ili zikusanye mwanga. Ukitazama ua usio na mtu, picha inapendeza. Mtu anayetembea anaenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Shata ikiwa moja ya tano ya sekunde, amesogea sentimita 30 ndani ya picha moja, uso wote umepakwa kama siagi. Kwenye menyu usiiache ipite moja ya 25, na ukishaongeza taa jaribu moja ya 50. Picha itakuwa nyeusi kidogo, lakini uso utakuwa uso. Punguza pia kile kipimo cha kuondoa chenga. Kikizidi kinafuta chenga pamoja na pua.

Tena, ukisogeza ya 1, angalia isitazame dirishani kwa jirani. Tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019, na zaidi ya sheria kuna jirani mwenyewe.

Kuku wa Kajjansi, Ijumaa saa 2 usiku

Ndugu zangu, mwebale nnyo, asanteni sana.

Geti: jozi tatu zimeunganishwa, usiku inasoma 10.7, siku ya tatu hii haijazimika. Barazani nimeishusha kwa mkono wa chuma, nimeongeza balbu ya wati 10 kwenye nguzo ya geti, shata moja ya 50. Jana askari alipita na tochi, nikaona kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Nimemuuliza, akashangaa nimejuaje. Duara la nyuma limeoshwa, sponji ilikuwa imejikunja, nimeinyoosha. Si kioo cha dukani, plastiki ina mikwaruzo, lakini mtu anaonekana ni mtu.

Pampu haijapatikana. Mwenyekiti ana picha ya shuka kwenye simu yake na bado anawaonyesha watu.

Banda nilifagia Jumatatu, leo asubuhi buibui amesharudi, uzi mpya, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kesho nakwenda mjini kutafuta taa ya pembeni kama ya Dada wa Entebbe. Fundi, muuzaji kwenye simu ananiambia kuna inayoonyesha wekundu kidogo na kuna isiyoonekana kabisa. Nichukue ipi?

Fundi wa Nansana

Muulize namba. Yenye wekundu ni nanomita 850, isiyoonekana ni 940. Hiyo ya 940 haifiki mbali, kamera nyingi zinaiona kwa shida. Chukua 850. Mwizi akiona ule wekundu si hasara.

Jirani wa Bombo

Nina watoto wa mbwa watatu, kama kuna anayehitaji.