Mradi wa maji kijijini: tufanye nini kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa?

Mwanakijiji_K: Wakuu, tunaletewa kisima kirefu, pampu ya sola, tangi na vituo sita vya kuchotea. Wananchi tumeambiwa tuchangie nguvu kazi. Kijiji jirani walichimba hivyo hivyo, mwaka haukuisha pampu ikasimama na mfuko mtupu. Tuanzie wapi?

Fundi Poli: Mtaro wa bomba wapimieni kila kaya mita zake kwa kamba na vigingi, baada ya mavuno. Wakati wa palizi hampati mtu. Kina sentimita 80, penye njia ya magari mita 1. Chini ya bomba tandazeni udongo laini uliochekechwa, kama sentimita 10, na juu yake vilevile. Jiwe likigusa bomba la poli (la plastiki), halitoboi leo, litatoboa baadaye. Halafu msifukie maungio kabla presha haijapimwa. Watu wakishachoka wanataka wafukie waende zao, na hapo ndipo uvujaji unapozikwa.

Daftari: Mkuu, kilichoua mradi wa jirani huenda si pampu, ni hesabu. Dai dira (mita ya kupimia maji) kuu kwenye tangi na dira kila kituo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, uniti ni 2,500. Dira kuu ikisoma uniti 300 kwa mwezi na za vituo jumla 240, uniti 60 zimevuja au zimeibwa kabla ya kituo. Hizo 240 lazima zilete 600,000. Zikija 430,000, muulizeni muuzaji, si fundi. Pesa ziende benki, na chombo cha watumia maji, yaani jumuiya ya wananchi inayoendesha mradi, kisome mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu.

Mama Ndoo: Mmesahau mahali pa vituo. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Waulizeni wanawake wanaochota, wapite na vigingi wenyewe. Na mwenye eneo aandike muhtasari wa kulitoa mbele ya serikali ya kijiji. Asipoandika, baadaye anakizungushia kituo ukuta.

Mwanakijiji_K: Muuza maji alipwe mshahara au asilimia?

Daftari: Asilimia, ya pesa aliyowasilisha. Na pesa ikipungua kuliko dira ya kituo chake inavyosoma, akatwe yeye.