Kijana wa kulea kakutwa na sigara ya umeme, mume anataka tumrudishe

MamaWawili: Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Niko Marekani mwaka wa tisa huu, tunalea kijana wa ustawi wa jamii wa miaka 15, huu mwezi wa nne tangu aje kwetu. Juzi nataka kufua jinzi yake nikakuta sigara ya umeme mfukoni, inanukia embe kabisa. Baba watoto kasema piga simu wamchukue, tuna wadogo wawili ndani. Mi roho inaniuma maana sisi nyumba yake ya tano. Hivi hakuna waliochunguza haya mambo wakajua kinachosaidia?

Mzee_wa_Tafiti: Pole dada. Wapo, tena hukohuko kwenu. Watu wa Oregon walitengeneza mafunzo ya walezi yanaitwa KEEP, wiki 16, mnakutana kikundi saa moja na nusu, wakayajaribu San Diego kwa familia 700. Halafu ikaja ya vijana, KEEP SAFE, vijana 259 wa miaka 11 mpaka 17, na baada ya miezi 18 wale ambao walezi wao walifundishwa walikuwa wanatumia vilevi kidogo kuliko wenzao. Ila angalia ilivyoenda: kwanza kijana kaelewana na mlezi, hiyo ni miezi 6, ndo kufika miezi 12 kapunguza marafiki wabovu. Wewe hata miezi 6 huna bado.

BabaK: Tafiti sawa mkuu ila yeye ana wadogo ndani, usimpe moyo tu. Dada, ofisa wake wa ustawi lazima umwambie leo. Kumwambia siyo kumfukuza.

Shangazi_Jikoni: Mwanangu, nimelea vijana wa watu hukohuko. Watafiti walikuwa wanawapigia walezi simu na orodha ya vituko 30, jana kafanya vipi? Wakakuta mlezi anavumilia mpaka 6 kwa siku, vikizidi hapo kila kimoja kinapandisha hatari ya mtoto kuhamishwa kwa asilimia 17. Watoto waliochunguzwa walikuwa wadogo lakini mi nilifanya kwa kijana wangu, naandika kwenye kalenda ya jikoni, kumbe siku nyingi havifiki vinne, hasira ndo zilikuwa zinanihesabia ishirini. Jaribu wiki moja, na mumeo ahesabu pia.

MamaWawili: Asante shangazi. Ofisa nimemwambia, anakuja Alhamisi. Jana mi nimepata vitatu, baba watoto kapata vitano, kahesabu na taulo lililoachwa chini, nikamwambia hilo taulo ni lako.