Beki mguu wa kushoto anachezeshwa namba mbili: nimhamishe timu au nimwache?

Mama Dagaa, Mwaloni

Wanajamvi, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za jioni. Jukwaa hili la michezo nalisoma kila siku bila kuandika. Leo limenifika shingoni.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Tunakaa Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Ni beki, na ni mguu wa kushoto kabisa. Shule ya msingi alicheza namba tatu, beki ya kushoto, miaka yote, hadi UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, akachaguliwa timu ya wilaya akiwa namba tatu. Mwaka jana akajiunga na timu ya vijana hapa mjini, na tangu Januari kocha amemhamishia namba mbili, beki ya kulia, kwa sababu kushoto yupo nahodha wao, kijana wa kidato cha nne, mzuri kweli, na kulia hawana mtu.

Mpira naujua kidogo. Marehemu baba alikuwa akinibeba mabegani kwenda Kirumba kuiangalia Pamba ile ya TP Lindanda. Biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, taa zao hazivuti kitu, basi ndizo siku napata nafasi ya kwenda kumwangalia mwanangu. Ninachokiona kinaniumiza. Mpira ukitoka kwa beki wa kati kuja kwake, anautuliza kwa kushoto, mwili wote umegeukia ndani, mgongo kaupa mstari. Winga wa wenzao keshajua, anakuja mbio kutokea huko huko ndani. Mtoto hana pa kwenda: nyuma yake chokaa, mbele yake mtu. Wiki mbili zilizopita pale Nyamagana alinyang'anywa hivyo hivyo, likawa goli, tukafungwa 2-1. Kwenye daladala hakusema neno mpaka tunashuka. Siku hizi akitoka shule anapiga mpira kwenye jiwe nyuma ya nyumba kwa mguu wa kulia mpaka giza linaingia, na sasa goti limeanza kumuuma.

Kuna kocha wa timu nyingine, upande wa Igoma, kaniambia nimpeleke kwake amchezeshe kati, namba tano, maana mtoto amerefuka ghafla. Nimhamishe? Nikamwombe kocha wake amrudishe kushoto? Au ninyamaze, mambo ya uwanjani nimwachie kocha? Nahitaji ushauri wa watu waliocheza.

Kijana wa Igogo

Mama, hamisha mapema. Mguu wa kushoto ni mali adimu. Mwangalie Mohamed Hussein Tshabalala: alitoka Kagera Sugar kwenda Simba 2014, akakaa pale miaka zaidi ya kumi kwenye namba tatu ile ile. Angechezeshwa kulia utotoni nani angemjua? Wanampotezea mtoto muda.

Beki Mstaafu

Mayu, pole na hongera. Pole kwa unayoyaona, hongera kwa kuyaona, maana wazazi wengi wanaangalia mpira ulipo tu, wewe umeangalia mwili wa mtoto kabla mpira haujafika. Nimecheza namba mbili na namba nne, beki wa kati, ligi daraja la kwanza kwa miaka sita, acha nikueleze kilichomo ndani ya hicho ulichokieleza.

Beki wa kulia anapopewa mpira na namba nne, unatokea kushoto kwake. Ukiacha mpira upite mbele ya mwili ukautuliza kwa mguu wa mbali, yaani wa kulia, kifua kinafunguka kuelekea goli la wenzao. Unaona winga wako mbele, unaona kiungo, unaona na anayekuja kukukaba. Ukiudaka kwa mguu wa karibu, wa kushoto, unajifungia mlango mwenyewe. Mwanao anaukimbilia mguu anaouamini, na hapo ndipo anaponaswa. Lakini hata ukimrudisha kushoto leo, kosa hilo hilo linaweza kumfuata kwa sura nyingine, kwa sababu mzizi wake ni kutotazama kabla ya mpira kufika. Beki anatakiwa ageuze shingo mara mbili: mpira ukiwa bado kwa mwenzake, na tena ukiwa njiani.

Sasa nakuuliza jambo moja. Mawinga wanampita wapi? Kwa nje, kandokando ya chokaa, au kwa ndani? Usinijibu kwa kukumbuka. Mechi ijayo nenda na kalamu.

Mwalimu wa Michezo, Magu

Mama, mimi nafundisha sekondari na kila mwaka napeleka vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kwa umri wa miaka 15 sikushauri upigane na kocha kwa ajili ya upande. Philipp Lahm wa Ujerumani ni mguu wa kulia, na Kombe la Dunia 2006 alianza kama beki wa kushoto. Goli la kwanza la mashindano yale, dakika ya 6 dhidi ya Costa Rica, aliingia ndani kutoka kushoto akapiga kwa kulia. Mwaka 2014 alinyanyua kombe akiwa nahodha, na mashindano hayo hayo alicheza kiungo na beki wa kulia. Paolo Maldini naye ni mguu wa kulia, dunia inamkumbuka kwa beki ya kushoto na baadaye kati. Virgil van Dijk ni mguu wa kulia, Liverpool anasimama kati upande wa kushoto. Mtoto anayelazimishwa kutumia mguu mwingine akiwa mdogo anapata kitu ambacho akifika miaka 22 hakipati tena.

Ila kuna swali ambalo sijaona ukiligusa. Mwenyewe umemuuliza?

Kijana wa Igogo

Mwalimu kwa heshima yako, hao wote uliowataja ni mguu wa kulia waliokwenda kushoto, na walikwenda kwa sababu washoto ni wachache. Nitajie mshoto aliyepelekwa kulia akabaki huko. Hapa kwetu mtoto wa namba hiyo anaitwa kiraka. Leo namba mbili, kesho namba sita, keshokutwa kipa kaumia wanamwangalia yeye. Siku ya majaribio ya timu kubwa anaulizwa "unacheza wapi?" anasema "popote", anaambiwa akae pembeni. Hayo yamenikuta mimi, sisimuliwi.

Mwalimu wa Michezo, Magu

Pole mdogo wangu, na hoja yako nimeipokea. Nakubali kwamba mshoto anayecheza kulia utamtafuta sana. Ninachosema ni kwamba miezi minane kulia haitamfanya kiraka. Miaka mitano bila mtu wa kumwambia wewe ni nani, ndiyo itamfanya.

Mzawa wa Ukerewe

Salamu kutoka Winnipeg, Kanada. Nimeusoma uzi huu nikiwa nimekaa pembeni ya uwanja wa barafu, mtoto wa dada yangu yuko mazoezini. Ana miaka 14, ni beki wa hoki ya barafu, na mjadala ni huu huu wenu, neno kwa neno.

Huku mabeki wanaoingia pamoja ni wawili, mmoja kushoto mmoja kulia, na wachezaji wanagawanywa kwa namna wanavyoshika fimbo. Anayepigia kushoto, bapa la fimbo lake liko upande wa kushoto wa mwili. Akicheza beki ya kushoto, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokiita paki kikija kandokando ya ukuta anakidaka kwa uso wa fimbo na kukitoa haraka. Ukimhamishia kulia, kwenye ukuta anabaki kutumia mgongo wa fimbo, na hapo ndipo washambuliaji wanamvamia, sawasawa na mwanao na chokaa yake. Ila akiwa mbele anashambulia, upande huo wa kulia unampa faida: fimbo yake inaelekea katikati, pembe ya kupiga golini inafunguka. Bobby Orr wa Boston Bruins alikuwa anapigia kushoto na akicheza beki ya kulia, na wazee wa hapa hawamtaji beki mwingine kabla yake.

Na huku adimu ni mabeki wanaopigia kulia, kwa hiyo timu zinawagombania kama nyinyi mnavyowagombania washoto. Kocha wa mpwa wangu anamchezesha pande zote mbili, lakini upande mgeni anampa kwa kipimo, na kabla ya mechi wanafanya kazi moja tu: kuupokea ukutani. Ukutani, ukutani, ukutani. Mwanzoni niliona wanampotezea muda, sasa naona matunda yake.

Mtaalamu wa Viungo

Dada, goti hilo. Maumivu yako chini ya kifupa cha goti, pale kwenye kinundu cha mbele? Na umesema amerefuka ghafla? Kwa vijana wanaokua haraka na wanaokimbia na kuruka sana, msuli wa mbele wa paja huvuta mahali unapojishikiza kwenye mfupa ambao bado haujakomaa, panauma na panaweza kuvimba. Kwa kawaida hupungua mwenyewe ukuaji ukitulia, ila kwa sasa mpunguzie: asipige jiwe kila siku, apumzishe siku mbili tatu kwa wiki, barafu kwenye kitambaa baada ya mazoezi, anyooshe misuli ya paja taratibu. Akichechemea, goti likifura, au likimuuma usiku amelala, mpeleke hospitali, usisubiri.

Mama Dagaa, Mwaloni

Wabeja sana, wote. Daktari, ni hapo hapo chini ya goti. Jiwe nimelifunga tangu juzi.

Beki Mstaafu, nilikwenda Jumamosi na daftari la mauzo, nikafungua ukurasa wa nyuma nikachora mistari miwili: nje na ndani. Kila winga akimjia naweka alama. Mpaka filimbi ya mwisho walimjia mara kumi na moja. Kwa ndani mara tano, hakupitwa hata mara moja, mguu wa kushoto ulikuwa unatoka kama mlango. Kwa nje mara sita, akapitwa nne. Nilikuwa sijawahi kuona hilo. Miezi yote hii nilikuwa naona mtoto anayefeli.

Beki Mstaafu

Mayu, hiyo ni kazi ya kocha umeifanya. Winga anayeingia ndani anakutana na mguu wake wenye nguvu, ndiyo maana hapitwi. Ndicho José Mourinho alichokifanya Chelsea kwa kinyume chake, alipomweka César Azpilicueta wa mguu wa kulia beki ya kushoto. Kwa nje anapitwa kwa sababu anasimama ameelekea mbele, miguu sambamba. Mwambie asimame kiubavu, mguu wa kushoto mbele kidogo, ili safari ya kurudi nyuma iwe imeshaanza kabla winga hajasukuma mpira.

Na hilo jiwe lenu msilidharau, goti likipoa. Mpira ukigonga jiwe haurudi sawa, unamfundisha kujiandaa. Ila kwanza atafute ukuta ulionyooka, wa darasa au wa godauni, dakika kumi na tano: apige kwa kushoto, urudi, auache upite mbele ya mwili, aupokee kwa kulia. Asipige kwa nguvu. Na kabla haujarudi aangalie nyuma ya bega. Mdogo wake asimame nyuma anyooshe vidole, yeye ataje ni vingapi.

Kuhusu yule wa Igoma, usikimbilie. Mtoto aliyerefuka ghafla anachezeshwa kati kwa sababu ya kichwa, mwakani wenzake nao wakirefuka anasahaulika. Muulize anamtaka kwa ajili ya urefu au kwa ajili ya mguu. Beki wa kati mshoto, anayeweza kutoa pasi ndefu kwenda kwa winga wa kushoto bila kugeuza mwili, huyo kila timu inamtafuta. Na akikwambia mpunguze umri kwenye karatasi, funga mlango.

Mama Dagaa, Mwaloni

Nimerudi kutoa mrejesho.

Mwalimu wa Magu, swali lako lilinikosesha usingizi, maana kweli sikuwahi kumuuliza. Jana usiku nilimkuta anaosha viatu vyake vya mpira nikamuuliza, baba, wewe unataka kucheza wapi? Akasugua kiatu muda mrefu. Akasema, "Kati, mama. Pembeni naona nusu ya watu. Nikiwa kati naona kila mtu." Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema kocha hana mtu wa kulia, angemwachia nani.

Leo asubuhi nimemfuata kocha wake kabla ya mazoezi. Nilikwenda kwa adabu, sikuanza na lawama, nikamwonyesha ukurasa wa daftari. Akausoma mara mbili. Akaniambia nahodha anamaliza kidato cha nne mwaka huu, mitihani ni Novemba, na namba tatu itakuwa wazi. Ila hilo la kati hakuwa amelifikiria. Tumekubaliana mechi za ligi ataendelea namba mbili mpaka nahodha aondoke, na mechi za kirafiki atacheza kipindi kimoja kati, upande wa kushoto. Goti nalo amesema atampunguzia mbio za mlimani. Igoma nimewapigia, nimewashukuru.

Mechi ya kwanza ya kirafiki ni Jumapili, Buhongwa, saa kumi. Mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo nitakuwepo. Beki Mstaafu, kwa beki wa kati nichore mistari gani kwenye daftari?

Beki Mstaafu

Chora mitatu, mayu. Mipira ya juu aliyoshinda, pasi za mbele zilizofika, na mara alizogeuza shingo kabla ya kupokea. Huo wa tatu ndio uutazame zaidi. Niandikie Jumapili usiku.