Waliosoma Urusi: wimbo wa "Peremen" ("Mabadiliko") ulikukuta wapi? Tupeane uzoefu

MwanaPodfak: Wakuu, jana binti yangu alikuwa sebuleni na simu yake, mara nikasikia lile gitaa. Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. Miaka zaidi ya 30! Wimbo huu wa Viktor Tsoi na kundi lake la Kino niliusikia kwanza bwenini Leningrad, kwenye kaseti iliyonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka sauti kama inatoka mtungini. Kirusi changu kilikuwa cha podfak bado, yale masomo ya lugha kabla ya chuo, nikadaka maneno machache tu: sigara mkononi, chai mezani. Nikajiuliza, hawa wanalilia nini na chai ipo? Nilielewa baadaye sana. Karibuni mliokuwepo.

Baharia wa Neva: Nakazia. Na Tsoi mwenyewe alikuwa anachochea makaa kwenye chumba cha boila, walikuwa wanapaita Kamchatka. Enzi hizo kukaa bila ajira lilikuwa kosa la jinai, kwa hiyo msanii anajulikana mji mzima huku anashika koleo.

Kijiti: Ule ni wimbo wa kuing'oa serikali, tusizungushane.

Baharia wa Neva: Hapana ndugu. Aliuimba 1986 kwenye tamasha la klabu ya rock ya Leningrad, na mwenyewe alikataa kuitwa mwanasiasa. Mabadiliko aliyoyasema ni ya ndani ya mtu. Filamu ya Assa, ya 1987, ndiyo iliyomalizikia na wimbo huo ukiimbwa mbele ya umati, watu wakausikia vingine.

Kijiti: Wimbo ukishatoka ni wa watu. Agosti 2020 kule Minsk, Belarus, vijana wawili waliupiga kwenye shughuli ya serikali, wakalala ndani siku 10. Hapo unaniambia nini?

Mama Pongwe: Nyie gombaneni, mimi nimesoma kichwa cha habari tu machozi yamenitoka. Moscow, tarehe 19 Agosti 1991, siku ya jaribio la mapinduzi. Asubuhi tunawasha televisheni, ni dansi ya bata maji tu, inarudiwa. Hakuna taarifa. Dirishani tunasikia mngurumo, kumbe vifaru. Mwenzangu wa chumba, dada wa kutoka Ryazan, akaweka redio kaseti dirishani, akapiga Peremen kwa sauti yote. Mlinzi wa bweni akaja kugonga, akamsihi azime, hakuzima. Tsoi alikuwa ameshakufa mwaka mmoja na siku nne nyuma, gari lake liligongana na basi kule Latvia, ana miaka 28.

Usiku wa pili akavaa koti, akaenda kwenye vizuizi vya Bely Dom, jengo la bunge la Urusi, walikokusanyika waliopinga mapinduzi. Aliniambia, "Wewe mgeni, baki." Nikabaki. Mvua inanyesha. Nimekaa kwenye jiko la pamoja, nimechemsha birika, limepoa, nimechemsha tena. Saa nane usiku mtu akapita koridoni anasema vijana wamekufa kule. Niliyasoma majina ya Mungu yote ninayoyajua. Asubuhi yule dada akaingia, nywele zinachuruzika, kiatu kimoja hana. Hakusema neno. Akaketi, akaniuliza kama kuna chai.

Watatu waliokufa usiku ule ningeweza kuwa nimepishana nao sokoni.

Kijiti: Mama, pole sana. Mimi nanyamaza.

Baharia wa Neva: Pole dada. Mliofika Arbat, ule mtaa wa Moscow, mnakumbuka ule ukuta wa Tsoi, watu wanaacha sigara iliyovunjwa?

Mwali wa Kharkov: Nimefika! Mama, huyo mwenzako mnawasiliana?

Mama Pongwe: Tulipoteana 1993. Kaseti yake ninayo, ila mkanda umenata.

MwanaPodfak: Usiiweke kwenye redio kabisa, itatafunwa! Tafuta fundi wa zamani Kariakoo.

Mwali wa Kharkov: Fundi wa nini? Penseli tu, zungusha polepole.

Baharia wa Neva: Penseli itaukata. Fungua skrubu, hamishia mkanda kwenye ganda lingine.

Kijiti: Mama, wimbo wenyewe upo mtandaoni, wa nini kuhangaika?

Mama Pongwe: Mwanangu, juu ya ganda kaandika "Kino" kwa mwandiko wake, na chini jina langu, kakosea herufi moja.