Senesio za Kilimanjaro hunusurikaje maji yanapoganda usiku?

Msafiri wa Machame:
Ndugu wanajukwaa, nimeteremka Kilimanjaro hivi karibuni na kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Kambi ya Barranco, iliyo karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na senesio kubwa (Dendrosenecio kilimanjari), zenye shina nene lililovikwa majani makavu na kilele cha majani mabichi. Chupa ya maji niliyoisahau nje ya hema iliganda yote. Alfajiri niligusa majani ya senesio nikakuta ni magumu na yana barafu, lakini ilipofika saa nne asubuhi yalikuwa yamelainika na kufunguka kana kwamba hapakuwa na lolote. Je, maji ya ndani ya mmea huo hayagandi? Na kama huganda, hupandaje tena hadi kileleni?

Mkulima wa Njombe:
Nadhani siri ni sukari. Utomvu wenye sukari nyingi hauwahi kuganda, ndiyo maana viazi vyetu huku huunguzwa na jalidi ya usiku mmoja, ilhali mimea ya mlimani inadunda.

Mwalimu wa Mimea:
Sukari inasaidia, ndugu Mkulima, lakini peke yake hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi chache tu, na majani ya senesio huganda kweli. Erwin Beck na wenzake, waliochunguza mimea ya Mlima Kenya miaka ya 1980, walionyesha kwamba barafu hujijenga ndani ya jani ila nje ya seli, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, seli hunywea, na kilichobaki ndani huwa kizito kiasi cha kutoganda. Kwa hiyo, kwa upande wa seli, usiku wa baridi ni ukame: inayonusurika ni ile inayostahimili kukaushwa kisha kunywa tena maji jua linapoyeyusha barafu. Seli za kiazi haziwezi hilo. Utando wake huharibika, na ndipo majani hugeuka meusi.

Ama kuhusu kupanda kwa maji, maelezo yanayokubalika yalitolewa na wanasayansi Dixon na Joly huko Dublin mwaka 1894. Maji yanayotoka majanini kama mvuke kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, huvuta yale yaliyo nyuma yake, na kwa kuwa chembe za maji hushikana kwa nguvu, mvuto huo hufika hadi mizizini kupitia zailemu, yaani mirija myembamba inayopitisha maji ndani ya mmea. Hatari iko hapo, kwa maana maji yakiganda, hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka na kuwa mapovu. Barafu ikiyeyuka huku majani yanavuta, povu hutanuka na kuukata mkondo. Mti unaweza kufa kwa kiu ilhali umesimama kwenye udongo wenye maji.

Ndiyo maana majani makavu ya shinani yana thamani kubwa, kwani ni blanketi linalozuia shina lisigande. Huko Venezuela, watafiti walipoyang'oa majani ya namna hiyo kwenye Espeletia, mimea inayofanana sana na senesio ingawa si ndugu wa karibu, vifo viliongezeka. Katikati ya shina kuna moyo laini uliojaa maji, nao huyahudumia majani asubuhi wakati jua la ikweta linawaka lakini mizizi, kwa baridi ya udongo, bado inavuta polepole.

Msafiri wa Machame:
Shikamoo Mwalimu, na ahsante sana. Je, mbuyu nao huhifadhi maji kwa kazi hiyo hiyo?

Mwalimu wa Mimea:
Marahaba. Hapana, si kwa namna hiyo. Mibuyu iliyopimwa Madagaska ilionekana kutumia akiba yake hasa kuchipua majani mapya kabla mvua hazijaanza, huku stomata zikiwa zimefungwa. Kiangazi chenyewe mbuyu hukikabili kwa kupukutisha majani, na maji yale pia huusaidia kusimama, kwa kuwa ubao wake ni dhaifu.

Mwongoza Wageni:
Naongezea lobelia (Lobelia deckenii), jirani ya senesio, ambayo hutumia njia nyingine kabisa. Maji hutuama kati ya vitako vya majani yake, na usiku tabaka la juu tu ndilo huganda, hivyo chipukizi la katikati hubaki ndani ya maji yasiyoshuka chini ya nyuzi sifuri. Asubuhi mgeni akilitoboa tabaka hilo kwa kidole huyakuta maji chini yake. Kwa senesio, nawasihi wapandaji wasichune majani makavu ili kuwashia moto au kukalia. Ukilivua shina lile, umeliacha wazi kwa baridi ya usiku huo huo.