Kikanisa cha Romaneski Kigamboni: kipi ni lazima, kipi ni pambo?

Mchoraramani

Habari zenu wakuu. Nachora kikanisa cha watu 120, kiwanja kiko Kigamboni, ardhi ni mchanga. Ukumbi wa ndani ni mita 6 kwa 16, ukuta una kimo cha mita 4 hadi paa linapoanza. Kamati ya ujenzi inataka "Romaneski", ila picha walizotuma nusu yake ni Gothiki, na mojawapo ni ya St. Joseph pale mjini. Fundi naye anasema tutajenga kwa tofali za inchi 6, juu tuweke tao la mviringo urefu wote wa kanisa, tufunge mkanda wa zege, kazi imeisha. Naomba kujua: alama za kweli za Romaneski ni zipi, na je, hilo paa la mviringo litasimama juu ya ukuta wa inchi 6?

Nusuduara

Mkuu, anza kwa kuitoa hiyo picha ya St. Joseph. Lile ni kanisa la enzi ya Wajerumani, lilijengwa 1897 hadi 1902 kwa kufuata Gothiki: madirisha marefu yenye ncha, kila kitu kinavutwa kwenda juu. Romaneski ni ya zamani zaidi, takriban mwaka 1000 hadi 1150, na sehemu nyingine za Ulaya iliendelea hadi karibu 1200. Jina lenyewe walilipa watu wa karne ya 19 walipoona matao yale ya nusu duara yanafanana na ya Warumi.

Kamati wataanza na tao la nusu duara, na hawajakosea, lakini tao peke yake halitoshi kuwa kipimo. Kanisa la watawa la Fontenay, Ufaransa, lililotabarukiwa 1147, lina paa la pipa (tao la mawe lililorefushwa ukumbi mzima) lenye ncha kidogo, na bado ni Romaneski. Durham, Uingereza, iliyoanza 1093, ina mbavu za mawe kwenye paa na matao yenye ncha ukumbini, na bado watu huihesabu humo humo. Mimi nakushauri uangalie ukuta. Katika Romaneski ukuta ndio unaobeba: mnene, madirisha machache na madogo. Gothiki inahamishia mzigo kwenye nguzo na viegemeo vya nje, halafu nafasi iliyobaki inajazwa vioo.

Sababu ya unene huo ni paa. Chukua pipa ulipasue kwa urefu, ulifunike juu ya kuta mbili. Hilo ndilo paa la mawe walilolipenda, na halikandamizi chini tu, linasukuma kuta nje, mita kwa mita, mwanzo hadi mwisho. Ukitoboa dirisha kubwa karibu na pale pipa linapokaa, umetoboa mahali penye kazi nzito kuliko pote. Giza la makanisa yale limetokea hapo, wala si kwamba watu wale hawakupenda mwanga.

Mapipa mawili yakikatana kwa msalaba, uzito unashukia kwenye pembe nne, na ukuta ulio katikati unapumua. Speyer, Ujerumani, kanisa lililoanza karibu 1030, lilikuja kuezekwa hivyo juu ya ukumbi mkuu mwishoni mwa karne hiyo, kimo cha takriban mita 33.

Kamba_na_Timazi

Nijibu la ukuta wa inchi 6: hausimami. Hesabu hii ni ya makadirio, mhandisi aifanye upya, ila ukubwa wa tatizo utauona.

Upana mita 6, kwa hiyo nusu kipenyo ni mita 3. Nusu duara inayojibeba yenyewe tu haitaki unene chini ya takriban asilimia 11 ya nusu kipenyo. Weka sm 35. Kwa tofali za kuchoma za tani 2 hivi kwa mita ya ujazo, kila mita ya urefu wa kanisa inabeba karibu tani 7. Msukumo wa kwenda nje ni karibu moja ya tano ya uzito huo, yaani tani 1.4 kila upande, kila mita. Msukumo huo uko mita 4 juu ya msingi, kwa hiyo nguvu ya kupindua ukuta ni 1.4 mara 4, sawa na tani-mita 5.6. Ukuta wa sm 90 unajibu kwa 5.8 hivi, yaani uko ukingoni kabisa, upepo na msingi kuzama havijaingia. Ukitaka kulala usingizi, fika mita 1.5. Halafu ukumbuke mchanga wa Kigamboni: ukuta huo pamoja na nusu ya paa unafika tani 15 na ushee kwa kila mita ya msingi.

Mkanda wa zege wa fundi ndio kosa ninalotaka ulishike vizuri. Mkanda unaokimbia mita 16 juu ya ukuta mrefu hauzuii kusukumwa kwa ubavu. Unapinda katikati kama rula. Kinachozuia ni kitu kinachovuka ukumbi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kila mita 3, chuma cha kuvuka kitabeba 1.4 mara 3, yaani tani 4.2, kwa hiyo nondo ya mm 25 yenye bamba kila ncha ina nafasi ya kutosha. Lakini hewa yetu ina chumvi. Chuma kikilala ndani ya ukuta bila kinga kitashika kutu, kitavimba, na kitapasua tofali pale pale penye bamba.

Dalili za paa linalofunguka: ufa wa urefu unaoonekana kwa ndani, utosini mwa tao, na nyufa nyingine mbili kwa nje kwenye mabega, karibu theluthi ya njia kutoka ukutani kwenda utosini. Kuta zimeshaanza kuachana. Kupiga lipu juu ya ufa huo ni kujidanganya. Vézelay, Ufaransa, kuta za ukumbi zilisogea nje namna hiyo, mpaka ukarabati wa msanifu Viollet-le-Duc kuanzia 1840.

Mchoraramani

Asante sana Timazi, fundi nitamwonyesha hiyo 5.6. Sasa mita 1.5 za ukuta hatuna fedha zake. Tuachane na Romaneski?

Nusuduara

Hapana, uachane na pipa tu. Makanisa mengi ya Romaneski hayana paa la mawe kwenye ukumbi. Mtakatifu Mikaeli wa Hildesheim, Ujerumani, lililojengwa kati ya 1010 na 1033, lina dari bapa la mbao. Kanisa kuu la Pisa, Italia, lililoanza miaka ya 1060, nalo lina dari la mbao. Kwa hiyo kenchi za mbao na dari bapa si udanganyifu. Zinasukuma chini, na ukuta wa kawaida unazimudu.

Hildesheim ichukue kama kielelezo. Nguzo zake zinakwenda kwa mpangilio: moja nene ya mraba, mbili za duara, moja ya mraba, mbili za duara. Jicho linapata mdundo bila pambo lolote. Vichwa vya nguzo ni mchemraba ulionyolewa pembe za chini ili ukutane na duara la nguzo. Boksi lake la mbao la kumwagia zege fundi seremala yeyote analitengeneza, na zege linamwagika bila shida.

Kama kamati wanang'ang'ania mapipa, waonyeshe Saint-Philibert ya Tournus, Ufaransa. Pale mapipa hayaendi na urefu wa kanisa, yamelazwa kwa kukatiza, moja baada ya jingine, juu ya matao yanayovuka ukumbi. Kila pipa linaegemea jirani yake, misukumo inafutana, na ncha za mapipa zikabaki wazi kwa madirisha. Pipa la kwanza na la mwisho tu ndiyo yanahitaji ukuta wa kuegemea. Ajabu ni kwamba wazo zuri hivi halikuenea.

Na pipa la kulipapasa kwa macho yako lipo hapa karibu. Panda boti uende Unguja, kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililoanza 1873 chini ya Askofu Steere. Lile si Romaneski, limechanganya Gothiki na mambo ya Kiarabu, ila paa ni pipa la mawe ya matumbawe na saruji. Kilwa Kisiwani pia, msikiti mkuu una mapipa na makuba ya matumbawe na chokaa. Nyumba za mwambao zilizoezekwa kwa boriti, vyumba vyake havizidi mita 3 hivi, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali.

Mwashi_wa_Temeke

Niongeze la matao ya madirisha, maana ndiko mafundi wengi wanakoharibu.

Dirisha la upana wa mita 1.2 lina nusu kipenyo sm 60, na mzunguko wa nusu duara kwa ndani ni sm 188.5. Tofali la unene wa sm 7 likisimamishwa, zinaingia 23 na jointi ya sm 1.1. Kwa ndani pazuri. Sasa kama tofali limelazwa kwa urefu wake wa sm 22, jointi ya nje inafika sm 4! Udongo mnene kiasi hicho unasinyaa ukikauka, tofali linalegea, na mwaka wa pili lipu inachora ufa kwenye umbo la tao. Dawa ni mbili: jenga pete mbili za nusu tofali, sm 10 kila moja, jointi ya nje ya pete ya kwanza inashuka hadi sm 2.5, au chonga tofali kama kabari, vipande 31, kila kimoja sm 7 juu na sm 5 chini. Hesabu iwe witiri, ili utosini kikae kipande na si jointi.

Boksi la tao, yaani umbo la mbao la kushikilia tofali kwa muda, likae juu ya mirunda, na chini ya kila mrunda weka kabari mbili zilizopishana. Panda pande zote mbili kwa pamoja, tofali kwa tofali. Ukitangulia upande mmoja boksi linalala na nusu duara inakuwa yai. Funga utosi mwisho. Jaza mabega kabla ya kutoa boksi. Kwa udongo wa saruji subiri siku 7, kisha legeza kabari kidogo kidogo, milimita chache, tao likae lenyewe kwanza ndipo uondoe mirunda. Anayepiga mrunda nyundo moja ukatoka anatafuta balaa.

Mchoraramani

Nimeelewa mwashi. Mlango mkuu je? Wanataka ule wa ngazi ngazi, matao ndani ya matao.

Nusuduara

Ngazi zile zimechongwa kwenye unene wa ukuta: kila hatua ina kitao chake na kinguzo chake, na juu ya mlango kuna jiwe la nusu duara la kuchongwa. Kwenye inchi 6 hakuna pa kuingilia. Tokeza mbele kizimba cha mlango, kina cha sm 60, uweke hatua tatu za sm 20. Kizimba kiwe na msingi wake na kiachanishwe na ukuta kwa jointi, maana kwenye mchanga vitazama tofauti.

Madirisha yapanuke kuelekea ndani: nje sm 40, ndani sm 90, mwanga usambae. Hilo nalo linataka ukuta mnene, kwa hiyo jenga kuta mbili zenye nafasi katikati, jumla sm 45, na joto la saa nane litapungua pia. Ila Dar bila upepo watu 120 wataungua, kwa hivyo weka matundu chini ya dari, yajifiche ndani ya ule mstari wa vitao vidogo unaopita chini ya ukingo wa paa kwa nje. Mstari ule ni Romaneski halisi ya Lombardia, kaskazini mwa Italia.

Kamba_na_Timazi

Na mnara wa kengele usiuunganishe na ukuta wa kanisa. Mnara wa Pisa, ulioanza 1173, ni Romaneski na umesimama peke yake. Ulianza kuzama upande mmoja ukiwa ghorofa ya tatu tu, kwa msingi wa kina cha mita 3 hivi kwenye ardhi laini. Pima udongo wako kabla ya kuamua kimo.